Kisigino cha Solo

Ukimwona Solo analaza gitaa chini taratibu, kama mtu anayetua kikapu cha mayai, ondoka hapo ulipo. Hilo lilikuwa somo la kwanza kwa kila aliyejiunga na bendi yetu ya Lindi, kabla hajafundishwa hata wimbo mmoja. Alikuwa na kipande cha kanga kuukuu. Akishalilaza gitaa hulifunika kwa kanga hiyo, huinyoosha pindo kwa kiganja, kisha husimama. Kuanzia hapo kuna mtu ataumia.

Nilimwona akivunja taya la mtu kule Njinjo kwa sababu mtu huyo alimwaga pombe juu ya ampli, kikuza sauti chetu. Nilimwona akimpiga mpiga tumba wetu kwa kigoda kilekile ambacho maskini alikuwa amekikalia, kwa kosa la kuharakisha mdundo. Mimi mwenyewe alinizaba kofi lililoniacha na mlio sikioni kwa siku kadhaa. Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani na pweza mkavu ndani ya gazeti, akamkabidhi mke wangu.

"Shemeji, mpikie huyo," alisema. "Jana hakula vizuri."

Akaenda zake. Hakuniomba radhi, na sikuwahi kumsikia akimwomba radhi mtu yeyote. Pweza alikuwa mtamu. Nilimla kwa shavu moja.

Katika bendi tuliitana kwa kazi zetu. Kulikuwa na Mwimbaji, Besi na Tumba. Mimi nilikuwa Rithim, kwa sababu nilipiga gitaa la pili, lile linaloshikilia wimbo usianguke. Yeye alikuwa Solo. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sikulitumia hata mara moja miaka yote tuliyokuwa pamoja, na sioni sababu ya kuanza leo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na miguu yake haikulingana na kimo chake. Ilikuwa miguu ya mtu mrefu. Alivaa katambuga, vile viatu vya tairi, hata kwenye dansi ambazo wenzake wote tulipaka viatu vyetu rangi. Alisema kiatu cha ngozi kinamfanya asisikie ardhi. Kwa muda mrefu nilidhani ni maneno ya majivuno. Baadaye nilielewa kwamba alimaanisha hivyohivyo alivyosema: alipiga gitaa kwa vidole lakini alilisikiliza kwa nyayo, na kila kitu kilichomkera, tangu mdundo uliopinda hadi binadamu aliyepinda, jibu lake lilitoka chini.

"Mguu hauombi ruhusa," alikuwa akisema, kila alipoulizwa kwa nini amempiga mtu teke.

Miguu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe fundi. Umeme nilijifunza peke yangu, kwa kufungua redio zilizokufa na kuzichora kwenye karatasi kabla ya kuzigusa, ili nijue kila waya ulitoka wapi. Siku moja ampli ya kuimbia ikaungua. Tukabaki na mbili: ndogo, ambayo tulichangia mimi na Besi, na kubwa moja iliyokuwa na tundu moja tu zima la kuchomekea waya. Tundu hilo lilitakiwa na wawili, Mwimbaji kwa maikrofoni yake na Solo kwa gitaa lake. Nikatengeneza kisanduku cha bati, na juu yake nikafunga swichi ya mguu. Ukikanyaga mara moja, maikrofoni inazimika na gitaa la solo linawaka. Ukikanyaga tena, gitaa linazimika na maikrofoni inawaka. Haviwaki pamoja.

Kisanduku kiliwekwa mbele ya miguu ya Solo, kwa kuwa mikono ya Mwimbaji ilikuwa na kazi ya kupepea leso. Hivyo Solo akawa na mamlaka juu ya mdomo wa mwenzake. Mwimbaji akimaliza ubeti, Solo anakanyaga, gitaa linaingia, watu wanachangamka. Lakini Solo hakungoja ubeti uishe kila mara. Ulikuwa unamwona Mwimbaji amefumba macho, midomo inacheza, na sauti imeshakatwa zamani.

"We Solo! Ubeti wa tatu una maneno yake!"

"Nimeyasikia jana."

"Watu wa hapa hawajayasikia."

"Basi wana bahati zao."

Swichi iliyokufa kabisa haina taabu: unaing'oa, unaweka nyingine. Taabu ni iliyochakaa. Hiyo hufanya kazi mbele ya fundi na kugoma mbele ya watu. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Sikuanza na swichi. Nilianza na waya, kwa sababu waya hukatika ndani bila kuonyesha jeraha nje. Unautikisa karibu na plagi huku ukisikiliza mkwaruzo. Baada ya waya, plagi yenyewe. Nikisharidhika na hivyo ndipo nafungua kisanduku. Ndani ya swichi kuna vipande vidogo vya shaba vilivyopakwa fedha, ambavyo mimi nilizoea kuviita midomo. Vikigusana, sauti inapita. Huku kwetu pwani midomo hiyo huota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa. Unaifuta kwa karatasi ngumu iliyoloweshwa spiriti, si kwa msasa, maana msasa unakula fedha. Kisha unapima springi. Ikiwa imechoka utasikia "tak" na hakuna kitakachobadilika. Mwisho unatazama kile kijiti cha chuma kinachoshuka ukikanyaga. Kikiwa kimelala upande mmoja, ujue mgonjwa hakuugua kwa chumvi, ameumizwa na mkanyagaji.

Vijiti vya Solo vilikuwa vinalala kwa nyuma. Wapiga gitaa wengine hukanyaga kwa dole gumba. Yeye alikanyaga kwa kisigino, kwa uzito wote, kama anayeua nge. Ungeniletea swichi kumi zilizochakaa ningekutolea ya kwake nikiwa nimefumba macho.

Yeye naye alikuwa na matibabu yake. Swichi ikigoma aliipiga. Jambo la kuudhi ni kwamba mara nyingi ilikubali, kwa sababu kishindo hutikisa kutu na midomo ikagusana kwa muda.

"Unaona?" angesema. "Hata chuma kinaelewa."

"Kimeelewa leo. Kesho kitakuwa kibaya zaidi."

"Mimi napiga leo, Rithim. Kesho ni yako wewe na bisibisi yako."

Nilimweleza mara nyingi kwamba kila kipigo kilichoiponya kiliipunguzia maisha. Alinisikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa, kisha dansi lijalo akaipiga tena.

Hata mkewe alimpiga. Wengi wanaokumbuka vidole vyake hulipita jambo hilo kimya, na mimi nikilipita nitakuwa nimechora mtu mwingine. Alimpiga kwa mambo madogo: chumvi, kuchelewa kisimani, jibu fupi. Tulisikia, tukasema ni mambo ya nyumba ya watu. Kaka zake yule mama hawakusema hivyo. Walishuka kutoka Rondo mchana kweupe na mipini ya majembe, wakamtoa dada yao na sanduku lake, na Solo wakamwacha amelala kizingitini na mbavu zimevunjika. Tulidhani akipona atapanda huko kulipiza. Hakupanda, na hakuoa tena. Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa safarini.

"Walikuwa na haki," alisema. "Ningekuwa mimi kaka yake ningekuja na shoka."

Mtu huyohuyo hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu moja nilimkuta uani kwake ameshika kisu, kuku yuko chini ya unyayo, na jasho linamtoka kama mwenye homa.

"Rithim, afadhali umekuja. Maliza hii kazi."

"Wewe Solo? Wewe uliyemvunja mtu taya?"

"Yule mtu alikuwa ananitukana. Huyu ananitazama tu."

Nikamchinja mimi. Solo aligeukia ukuta mpaka mbawa zilipotulia.

Na kulikuwa na namna alivyokaa na gitaa asubuhi, kabla watu hawajaamka. Aliinamisha sikio kwenye ubao wake na kukaza nyuzi moja moja kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa kiumbe chochote kilichoweza kujibu. Aliufuta kila uzi kwa ile kanga. Nilidhani kanga ilikuwa ya mkewe. Mwimbaji alidhani ilikuwa ya mama yake. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ndipo zikaja siku za kuwahamishia watu katika vijiji vipya. Siandiki hapa kubishana juu ya siasa ile. Niliiamini, na sehemu kubwa ya niliyoyaamini bado nayaamini: shule, zahanati, kisima karibu na nyumba. Naandika niliyoyaona nikiwa juu ya lori na gitaa mapajani. Bendi yetu ilichukuliwa kufuatana na msafara wa operesheni bara ya Kilwa, ili watu wakishashushwa mahali papya wachangamshwe kwa muziki. Jenereta lilikokotwa nyuma. Maikrofoni yetu ikawa ya hotuba kwanza, ya nyimbo baadaye.

Mkuu wa msafara alikuwa mtu nadhifu mwenye sauti ya chini. Hakufoka. Alitembea na kifimbo, na kifimbo hicho alikitumia kumgonga Solo begani kila alipotaka hotuba ifuatwe na muziki. "Piga, bwana muziki. Piga." Mara ya kwanza wote tulitazama kanga. Solo hakulaza gitaa. Nyuma ya mkuu walikuwapo mgambo na bunduki, na Solo hakuwa mjinga. Lakini kila kifimbo kilipogusa bega lake niliona vidole vya mguu wake vikijikunja ndani ya katambuga.

Tuliona mambo katika safari hiyo. Tuliona mtu aliyekataa kupanda lori akiburutwa kwa miguu mpaka ngozi ya mgongo ikabaki kwenye changarawe. Tuliona mabua ya mtama yakichomwa na nyumba ikiwa katikati yake. Mzee mmoja alipigwa kitako cha bunduki kwa sababu alirudi kuchukua mbuzi, na alipoanguka waliendelea. Jioni tulipiga muziki. Waliodaiwa kupinga operesheni walipakiwa kwenye lori la peke yao, lililofunikwa turubai, na kati ya niliowaona wakipakiwa wapo ambao sikuwaona tena wala sikupata kusikia habari zao.

Siku ninayotaka kuieleza tulikuwa kijiji kipya upande wa ndani, mwendo wa nusu siku kutoka Njinjo. Kijiji chenyewe kilikuwa vigingi vilivyopangwa kwa mstari na fito ambazo hazijaezekwa. Watu walikuwa wameketi chini na kuku wao na vyungu vyao. Lakini familia zao hazikuwa kamili. Kule bondeni walikotoka walikuwa wamebaki wazee na wakaidi, na kila mtu pale alikuwa na mtu wake bondeni.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimebadilisha swichi. Ile ya zamani ilikuwa imelala kabisa, nikaweka mpya, nikailehemu, nikaibonyeza na kuibonyeza mpaka kidole kikauma. Ilikuwa nzima. Naomba msomaji akumbuke hilo.

Alasiri mkuu alishika maikrofoni. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake.

"Ndugu zangu, najua mnawafikiria wenzenu walioko bondeni. Ondoeni hofu. Tuna subira nao. Wiki ijayo tutawapelekea malori, watapanda kwa hiari yao, na hakuna atakayeguswa hata unywele. Sasa tufurahi."

Akarudisha maikrofoni kwenye mti wake wa kusimamia, akamgonga Solo begani.

"Piga, bwana muziki."

Spika yetu kubwa, ile yenye umbo la tarumbeta, ilikuwa imefungwa juu ya kichwa cha lori ikiwaelekea watu. Sisi tulikuwa nyuma yake, na jenereta lilikuwa linanguruma mgongoni kwetu. Pale tuliposimama, kilichotoka kwenye spika kilitufikia kwa shida. Kisigino cha Solo kikashuka. Nilisikia "tak". Nikaanza mdundo wangu wa kumfungulia njia, na yeye akaanza kukimbiza vidole juu ya nyuzi.

Gitaa lake halikutoa sauti.

Nilimtazama. Vidole vilikuwa vinakwenda kwa ustadi wote, kama wakati wa dansi, na macho yake yalikuwa yamemwelekea mkuu. Mkuu alikuwa bado amesimama mbele ya maikrofoni, amemgeukia kiongozi wa mgambo. Akazungumza naye kwa ile sauti yake ya chini, na sauti hiyo ikatoka juu ya lori, kubwa, juu ya vichwa vya watu wote.

"Wiki ijayo gani? Kesho alfajiri mnateremka. Petroli ipo?"

"Ipo, mkuu. Tuwatoe kwanza, au?"

"Chomeni kwanza. Ukiwatoa kwanza watakuchelewesha na vyungu vyao. Moto utawatoa wenyewe."

Kisha msichana mmoja aliyekuwa mbele alisimama, akashika kichwa.

"Bibi! Bibi yangu hatembei! Yuko ndani!"

Akakimbia. Baada yake walikimbia wote, upande wa bondeni, wakiruka vigingi. Mkuu alishtuka akapiga kelele, "Wazuieni!" na neno hilo nalo likapita kwenye maikrofoni, likavuma mpaka chini mabondeni. Ndipo alipoelewa.

Mgambo waliwaingilia kwa marungu. Nilisikia mifupa. Mwanamke aliyekuwa amembeba mtoto alipigwa magotini ili aanguke kwa mbele. Mwanamume mmoja mwembamba aliyewatangulia wenzake alikutana na kitako cha bunduki usoni, na alipoinuka jicho lake la kushoto halikuwapo tena mahali pake. Aliendelea kukimbia hivyohivyo, kiganja kimefunika tundu. Wengi walipita. Walikuwa wengi kuliko marungu.

Nikageuka kumtafuta Solo. Alikuwa amepiga magoti. Alikuwa analaza gitaa. Akalifunika kanga, akainyoosha pindo, akasimama. Kiongozi wa mgambo alikuwa wa kwanza; alipigwa kichwa cha pua akaenda chini na damu ikatapakaa kwenye shati lake. Wa pili alitupwa juu ya jenereta lililopata moto akapiga ukelele wa ngozi inayoungua. Iliwabidi wajazane juu yake ndipo wakamlaza.

Mkuu alikuwa ameshairudia sauti yake ya chini. Alikiokota kifimbo chake, akakielekeza kwangu.

"Wewe ndiye fundi. Ilikuwaje sauti yangu ikatoka? Alifanya kusudi?"

Lori la turubai lilikuwa limeegeshwa pale pale. Nililiona, na Solo, shavu lake likiwa mchangani na goti la mtu likiwa shingoni mwake, aliliona pia.

"Pengine ni swichi, mkuu," nilisema.

"Fungua."

Nikachuchumaa, nikafungua kisanduku. Midomo ilikuwa inang'aa kama nilivyoiacha asubuhi. Springi ilikuwa na nguvu. Kijiti kilikuwa kimenyooka. Na swichi ilikuwa imeketi upande wa maikrofoni. Kwa swichi nzima, hilo lina maana moja tu: imekanyagwa mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia. Ya pili ilifunikwa na gitaa langu mwenyewe.

Niliwapa mgongo ili nipate mwanga, nikaung'oa waya wa gitaa kwa ukucha wa dole gumba. Kisha nikaweka kisanduku chini, nikamwomba mkuu akanyage mwenyewe. Akakanyaga. Nikaugusa uzi wa gitaa, kimya. Akakanyaga tena, maikrofoni ikavuma.

"Imekufa upande mmoja," nilisema. "Chumvi, mkuu. Sisi ni watu wa pwani, vyombo vyetu vinaliwa na chumvi. Yeye alikanyaga kama kawaida, gitaa likagoma, akakanyaga tena kuliamsha, na hapo maikrofoni ikarudi."

Aliwaza. Nilisikia jenereta tu na kilio cha yule aliyeungua.

"Basi mguu wake hauna kosa," alisema hatimaye. "Ila nauona ni mzito mno."

Walimsogeza mpaka kwenye ngazi ya chuma ya lori, wakauweka mguu wa kulia juu yake, wakamvua katambuga. Walitumia kitako cha bunduki, juu ya kifundo, kisha juu ya kisigino, tena na tena, mpaka haukuwa na umbo la mguu. Solo alilia kama mtu yeyote angelia. Lori la turubai liliondoka bila yeye.

Alfajiri waliteremka bondeni kama walivyopanga, na moshi tuliuona. Lakini nyumba zilikuwa tupu. Vyakula na mikeka vilishatolewa pamoja na wagonjwa, na wakimbizi wa bondeni walikuwa msituni wakitazama paa zao zikianguka. Hakuna aliyeungua. Habari ikaenea haraka kuliko msafara wetu: kwamba Mungu aliivunja swichi ya bendi. Nimekutana na watu mbali kabisa na pale wakinisimulia habari hiyo mimi mwenyewe.

Bendi haikudumu. Solo alikaa hospitali muda mrefu, kisha akapotea, na nikasikia kwamba yuko Kinjumbi. Miaka ilipita kabla sijapata safari ya upande huo. Nilikuwa nimeshaota mvi na nilikuwa na kibanda changu cha redio.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya kupanga, mchana, anafua nazi. Kifuo, yaani ule mkuki mfupi uliosimikwa ardhini wa kuchania makumbi, kilikuwa katikati ya miguu yake. Alikuwa anazipiga nazi juu ya ncha ile kwa mikono miwili, na kila pigo lingeweza kuua mtu. Watoto wa jirani walipitia mbali. Mguu wa kulia aliunyoosha pembeni kama mzigo wa mtu mwingine. Wa kushoto ulikuwa na katambuga.

"Shikamoo, Solo."

"Marahaba. Mdundo wako bado unachelewa? Nimekungoja miaka yote hii."

Alinitengea gogo nikae karibu naye. Alinipa dafu. Tulitaja waliokufa. Kisha nikamuuliza, maana ndilo lililonipeleka.

"Ulikanyaga mara mbili."

"Mara mbili."

"Ulijua atasema nini?"

"Ningejuaje? Mimi si mganga. Kifimbo chake kilinichosha. Nilikanyaga ya kwanza, nikamwona bado yuko pale anacheka na yule wake, nikasema acha watu wamsikie mara moja jinsi alivyo." Akachomeka nazi, akaipasua kumbi. "Usinipake mafuta, Rithim. Mguu hauombi ruhusa."

"Lakini uliwaokoa watu."

"Na yule mwenye jicho?"

Nikanywa funda la dafu.

"Wewe ulisema chumvi," akaendelea. "Ulisema vizuri. Chumvi haidaiwi jicho la mtu. Nikipokea asante ya mmoja nitapokea na jicho la mwingine, na mimi nyumbani sina mahali pa kuliweka. Liache kwenye chumvi, hapo hapo ulipoliweka."

Alikuwa bado anasema hivyo alipokuja mwanamke na kikapu kutaka nazi. Alimsalimu Solo kwa mbali, kwa adabu ya woga, kama unavyosalimu nyumba yenye mbwa. Kisha akanitazama mimi, akatua kikapu.

"Shikamoo, baba. Samahani. Wewe si ndiye uliyekuwa fundi wa ile bendi? Yule wanayesimulia kwamba aliifungua swichi mbele ya mkuu?"

"Marahaba, mwanangu. Ndimi."

"Mimi ndiye niliyepiga kelele. Bibi yangu nilimtoa kwa mgongo huu. Aliishi, baba, akanilelea wanangu wawili." Macho yalikuwa yamemjaa. "Kila siku nasema, laiti ningejua nimshukuru nani. Watu husema Mungu aliivunja ile swichi. Ni kweli ilivunjika yenyewe?"

Nilimtazama mwanamke yule, kisha Solo, mzee anayeogopwa na watoto, ameketi hatua moja kutoka kwake na kumbi mikononi. Niliona haiwezekani kuendelea kumficha. Nilifungua mdomo.

Pembeni ya jicho nilimwona analaza nazi chini. Aliilaza taratibu, kama mtu anayetua kikapu cha mayai, akaipangusa nyuzi za kumbi kwa kiganja. Nilijua maana yake tangu ujana wangu, na bado nilichelewa. Kisigino cha kushoto kilishuka juu ya vidole vyangu vya mguu kwa uzito wake wote. Nilisikia kitu ndani ya dole gumba kikilia "tak".

Mwanamke alikuwa bado ananingoja.

"Chumvi, mwanangu," nilisema nilipoweza kuvuta pumzi. "Ilikuwa chumvi tu."

Solo akaiokota nazi, akaipiga kwenye kifuo.